Msaada: Raspberry Pi 4 ya skuli haiwaki tangu umeme ulipokatika katikati ya apdeti

maalim_konde
Assalaam aleikum nyote. Nnasomesha skuli moja huku kaskazini Pemba. Tunayo Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja) ya ramu GB 4, inakaa juu ya kabati la chumba cha kompyuta. Kazi yake ni moja tu: inatoa Wi-Fi ya ndani isiyokuwa na intaneti, watoto wanaunganisha tableti na kusoma masomo yaliyomo. Programu ni Kolibri, kama kuna anayeijua.

Jumatatu nilitia bando kwenye simu, nikaipa Pi mtandao, nikaandika `sudo apt full-upgrade` ili mfumo wote ujiboreshe. Ikaenda vizuri robo saa nzima, mara pu, umeme umekwenda. Uliporudi ndio basi tena. Taa nyekundu inawaka, ya kijani inamemeta, Wi-Fi haitoki. Kioo kipo lakini Pi 4 inataka ile HDMI ndogo kabisa, na waya wake tangu nizaliwe sijauona Pemba.

Mfumo ni Raspberry Pi OS ya biti 64, toleo la Bookworm. Nisaidieni, wiki ijayo wana mazoezi.

pweza_chako
Flashi kadi upya, yaani futa yote utie mfumo mpya. Dakika kumi. Uzi ufungwe.

maalim_konde
Ndugu yangu, kadi ina masomo GB 90 yaliyokuja na diski kutoka Unguja kwa boti, na mna maendeleo ya kila mtoto tangu mwaka jana. Kuflashi najua. Sitaki.

fundi_mkunazini
Waaleikum salaam Maalim. Kadi iache kama ilivyo, pweza muache na miguu yake minane.

Pi haiamki kama laptopu. Anayefungua macho mwanzo ni GPU (chipu ya picha), ARM (prosesa kuu) bado imelala. Kwenye Pi 4 chipu yake, BCM2711, ina msimbo mdogo uliochomwa kiwandani. Huo unasoma butiloda (programu ya kuamshia) kutoka EEPROM, kumbukumbu ndogo iliyo juu ya bodi yenyewe, butiloda inaitafuta kadi na kupakia start4.elf, start4.elf inasoma config.txt, halafu ndio inachukua kernel8.img pamoja na ramani ya vifaa vya bodi, faili linaloitwa bcm2711-rpi-4-b.dtb, na kuikabidhi ARM. Hapo tu ndipo kerneli, yaani kiini cha Linux, inapoanza kusema. Inafuata yaliyoandikwa kwenye cmdline.txt, inaitafuta patisheni (sehemu ya kadi) ya pili ilipo Linux yenyewe, na mambo yanaendelea.

Ugonjwa wako uko kwenye hatua moja kati ya hizo, na kioo hatukihitaji bado. Hiyo taa ya kijani haimemeti ovyo, inahesabu. Kaa nayo karibu, hesabu mimemeto mifupi mpaka ipumzike. Minne, start4.elf haikuonekana. Saba, kerneli haikuonekana. Minane, ramu ina matatizo na hapo tuombe dua. Ikianza kwa mirefu miwili kisha mfupi mmoja, patisheni ya kwanza si FAT (mtindo wa kupanga mafaili). Rudi na hesabu.

mzee_wa_malindi
Umeme tena. Mimi nakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima miezi mitatu bila ya umeme wa kebo ya baharini kutoka bara. Kompyuta yangu ilikaa kimya siku zote hizo na ulipowaka ikawaka. Kumbe kinachoua si giza, ni ule mwanga unaokuja na kuondoka.

maalim_konde
Saba. Nimehesabu mara tano, nikamwita na mwanafunzi naye akahesabu. Saba mifupi, inapumzika, saba tena.

Lakini kuna jambo sikulisema. Kabla ya kuja hapa nilichomeka kadi kwenye laptopu ya Windows. Ikaniuliza kama nataka itengeneze makosa ya diski, nikakubali. Sasa mna folda inaitwa FOUND.000. Ikataka pia niifomati ile sehemu kubwa, nikaogopa nikaifunga.

fundi_mkunazini
Woga wako umekuokoa. Ile sehemu kubwa ni ext4, mtindo wa Linux wa kupanga mafaili, Windows haiisomi ndio maana inadhani ni tupu. Ungekubali, GB 90 zingekuwa hadithi. Wengine mnaosoma: Windows ikikuomba kufomati kadi ya Pi, KATAA, kisha kataa tena maana itakuuliza mara ya pili.

FOUND.000 ni maiti ya kerneli yako. Patisheni ya kwanza ni FAT, na FAT haina daftari la kurejea pale uandishi ulipokatika kama ext4 ilivyo nalo. Umeme umekwenda apt ikiwa inaandika kernel8.img; jina likapotea, vipande vikabaki. Windows ikaviona havina mwenyewe, ikavikusanya ikaviita FILE0000.CHK na kadhalika. Usivitumie, huna njia ya kujua kama vimetimia.

Hebu niambie, kernel8.img unaiona?

maalim_konde
Haipo. Ipo kernel_2712.img.

fundi_mkunazini
Hiyo ni ya Pi 5, haikuhusu. Basi saba imesema kweli. Tafuta mtu mwenye Pi ya biti 64 yenye Bookworm, chukua kernel8.img na initramfs8 (mfumo mdogo ambao kerneli inaanzia) kwenye kadi yake. Hayo mawili tu.

maalim_konde
Skuli ya jirani wanayo kama yetu. Nimekwenda kwa baskeli, nimerudi na mafaili. Kwa uhakika zaidi nimenakili yote, nikabandika juu ya yangu.

Taa haihesabu tena saba! Inamemeta vile vya kawaida kisha inatulia. Wi-Fi bado haitoki. Nimengoja nusu saa.

bint_makunduchi
Maalim, fundi amekwambia mawili, wewe umechukua yote. Yote pamoja na cmdline.txt?

Nina dhana yangu lakini sitaki kukubahatishia. Taa imeshasema ya kwake, kutoka hapa mbele anayesema ni kerneli, na kerneli inaongea kwa maneno. Kama HDMI huna, mfate kwenye seriali, njia ya nyaya inayopitisha maandishi yake. Unahitaji kile kidude cha USB kwenda TTL. Usikitafute kwenye duka la kompyuta, kitafute kwa fundi wa ving'amuzi. Wanakitumia kufufulia ving'amuzi vilivyokufa, kila mji una mmoja anacho kwenye kopo la misumari.

Kiwe cha volti 3.3. Kama kina kidaraja cha kuchagua 5 au 3.3, kiweke 3.3 KABLA hakijagusa bodi. Pini za Pi hazistahamili 5. Kisha: waya wa GND kwenye pini ya 6, RX ya kidude kwenye pini ya 8, TX ya kidude kwenye pini ya 10. Ndio, zinapishana, mdomo wa huyu kwenye sikio la yule. Waya wa nne, ule wa umeme wa 5V, uache unaning'inia, usiuunganishe popote.

Kwenye config.txt mstari wa mwisho ongeza enable_uart=1. Kwenye cmdline.txt hakikisha mna console=serial0,115200. Kwenye laptopu fungua PuTTY, programu ya kusomea seriali, chagua seriali, kasi 115200, halafu ndio uwashe Pi.

karafuu_mbichi
Samahani naingilia uzi wa watu. Mie nina Orange Pi Zero (bodi ndogo nyingine) na Armbian (Linux yake). Seriali ninayo. U-Boot (butiloda yake) inasema vizuri mpaka `Starting kernel ...` halafu kimya cha makaburini. Imekufa?

bint_makunduchi
Haijafa mpaka ithibitike. Kimya cha hapo mara nyingi ni moja ya mbili. Ya kwanza, kerneli inaendelea kusema lakini kwenye mlango mwingine, wewe unasikiliza huku. Fungua /boot/armbianEnv.txt, weka verbosity=7 na console=both. Ya pili, kerneli imepewa ramani ya bodi nyingine, ikaenda kuamsha chipu ambayo haipo mahali pake. Angalia imeji uliyopakua ni ya bodi gani hasa. Kwenye jamii hizi za chipu za Allwinner bodi zinafanana sura, ramani mbalimbali.

karafuu_mbichi
Imeji ni ya Orange Pi One. Bodi ni Zero. Naona haya. Naendelea kusoma kimya kimya.

mzee_wa_malindi
Nami niulize kabla uzi haujarudi kwa mwenyewe. Mimi Pi yangu ya zamani huwa inakufa na maneno haya: `VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`. Wapo wanaopata 179,2. Tofauti iko wapi?

bint_makunduchi
Kubwa, mzee wangu. 0,0 maana yake kerneli haikuiona diski uliyoitaja hata kidogo: jina limekosewa, au draiva haimo, au initramfs haikupakiwa. 179 ni namba ya kadi za mmc ndani ya Linux, na 2 ni patisheni ya pili. Kwa hiyo 179,2 inasema "kadi nimeiona, patisheni nimeifika, lakini ndani sielewi kilichoandikwa." Hiyo unaitia kwenye kompyuta nyingine yenye Linux na kuipigia fsck, amri ya kukagua na kutengeneza patisheni. Ya kwanza ni kosa la anuani, ya pili ni nyumba imebomoka.

maalim_konde
Nimekwenda Chake. Fundi wa ving'amuzi kweli anacho, na kweli kilikuwa kwenye kopo, ila la kahawa. Ameniazima kwa sharti nimrudishie Ijumaa.

Haya ndiyo yaliyotoka, mistari ni mingi, naweka ya mwisho:

ALERT!  PARTUUID=8f3c11d2-02 does not exist.  Dropping to a shell!
(initramfs)

Na pale mwisho panangoja niandike kitu.

bint_makunduchi
Ndiyo dhana yangu. Alhamdulillah kerneli iko hai, inazungumza nawe.

Kila kadi ya Raspberry Pi OS inapowashwa mara ya mwanzo inajipa namba yake ya utambulisho, na cmdline.txt inaitaja namba hiyo kwenye root=PARTUUID. Wewe umebandika cmdline.txt ya jirani, kwa hiyo kerneli inatafuta kadi ya jirani ndani ya mashine yako. Ni sawa na kuingia nyumba ya watu ukamuulizia mke wako.

Hapo panapongoja andika `blkid`. Tafuta mstari wa /dev/mmcblk0p2, unakili PARTUUID yake ilivyo, zima, rudi kwenye laptopu uitie kwenye cmdline.txt mahali pa ile ya jirani.

maalim_konde
Nimefanya. Sasa inasema:

No root device specified. Boot arguments must include a root= parameter.

Wallahi root= ipo, naiona kwa macho yangu.

fundi_mkunazini
Iko mstari wa ngapi?

maalim_konde
Wa pili. Nilipiga Enter ili nisome vizuri.

fundi_mkunazini
cmdline.txt ni mstari MMOJA tu, hata ukawa mrefu kama barabara ya Mkoani kwenda Wete. Kilichoshuka mstari wa pili hakisomwi. Rudisha, nafasi moja kati ya neno na neno.

maalim_konde
IMEWAKA. Imenipa login kwenye seriali, nimeingia, masomo yote yapo, nimeyahesabu folda moja moja. Allah awajaze kheri.

Lakini Wi-Fi bado. Nikiandika `ip a` naona lo na eth0 tu. wlan0, yaani Wi-Fi yenyewe, haipo kabisa. Chipu imeungua?

pweza_chako
Chipu imeungua. Nunua kidude cha Wi-Fi cha USB.

bint_makunduchi
Pweza, wewe unakula kwa kamisheni?

Maalim, leta majibu ya hizi mbili:
uname -r
ls /lib/modules

maalim_konde
Ya kwanza: 6.6.51+rpt-rpi-v8

Ya pili: 6.1.0-rpi8-rpi-2712, 6.1.0-rpi8-rpi-v8, 6.6.20+rpt-rpi-2712, 6.6.20+rpt-rpi-v8

bint_makunduchi
Hapo hapo. Draiva ya Wi-Fi ya Pi, brcmfmac, haimo ndani ya kerneli yenyewe. Ni moduli, inakaa nje, kwenye folda yenye jina sawasawa na toleo la kerneli inayotembea. Kerneli ya jirani ni 6.6.51. Inafungua /lib/modules kutafuta 6.6.51, inakuta 6.1.0 na 6.6.20, inaondoka mikono mitupu. Kadi inasoma kwa sababu mmc na ext4 zimejengwa ndani. Chipu yako nzima.

Sasa ile sehemu ninayoipenda. Kwenye Bookworm kernel8.img ni nakala tu. Asili yake inakaa kwenye /boot ya patisheni ya pili, ile ya ext4 ambayo umeme haukuiumiza. Patisheni ya FAT imefungwa kwenye /boot/firmware. Kwa hiyo dawa ulikuwa nayo nyumbani siku zote, wala baskeli haikuhitajika. Angalia `ls -l /boot`, utaona vmlinuz-6.1.0-rpi8-rpi-v8 na initrd.img yake. Zenye 2712 ni za Pi 5, ziruke. Kisha:

sudo cp /boot/vmlinuz-6.1.0-rpi8-rpi-v8 /boot/firmware/kernel8.img
sudo cp /boot/initrd.img-6.1.0-rpi8-rpi-v8 /boot/firmware/initramfs8
sync

Sync usiisahau, ndiyo inayohakikisha yote yameshaandikwa kwenye kadi. Nakwambia 6.1 kwa makusudi, siyo 6.6.20. Ya 6.1 ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi asubuhi ya Jumatatu, ya 6.6.20 ndiyo iliyokatizwa na sijui imefika wapi.

fundi_mkunazini
Kabla hujaanzisha upya, nipe `vcgencmd get_throttled`. Nina wasiwasi na jambo jingine.

maalim_konde
throttled=0x50000

fundi_mkunazini
Nilijua. Hiyo 5 ya mbele inasema tangu ilipowashwa, umeme umeshashuka chini ya kiwango, na Pi ikapunguza kasi kujinusuru. Kiwango chenyewe ni kama volti 4.63. Unatumia chaja gani?

maalim_konde
Ya simu. Imeandikwa 5V 2A. Waya ni wa mita tatu kwa kuwa kabati liko mbali na soketi.

fundi_mkunazini
Pi 4 inataka 5V 3A, na mita tatu za waya mwembamba zinakula volti njiani. Kuna siku itaanguka wakati inaandika hata umeme wa mji ukiwa umetulia kabisa, nawe utalaumu mji. Chaja nzuri, waya mfupi na mnene.

maalim_konde
Kabati tumelisogeza. Vijana wanne na kelele nyingi. Chaja ya 3A mwalimu mwenzangu anakuja nayo kesho kutoka Wete.

Nimenakili zile mbili, nikapiga sync, nikaanzisha upya. `uname -r` inasema 6.1.0-rpi8-rpi-v8 na wlan0 ipo. Tableti moja imeunganika, somo la sehemu limefunguka.

Sasa ile apdeti iliyokatika nafanyaje? Bando limekwisha.

bint_makunduchi
Bando huhitaji kama pakiti zilishateremka zote, na kwa kuwa folda za 6.6.20 zimo, inaelekea zilishateremka. Subiri hiyo chaja mpya kwanza. Kisha `df -h /boot/firmware` uone kama mna nafasi, maana patisheni hiyo ikijaa unarudi kwenye saba zako. Kisha `sudo dpkg --configure -a`. Itamalizia ilipokatika, na mwisho itaandika kernel8.img mpya yenyewe. Siku ukipata mtandao wa maana, sakinisha upya pakiti ya kerneli ili na mafaili ya dtb uliyochukua kwa jirani yabadilike yawe ya toleo lako.

Na ukiwa na betri ya sola popote hapo skuli, ifanye kazi hiyo juu ya betri.

maalim_konde
Betri ipo, ya taa za mlinzi. Nimemuomba.

(Baada ya siku mbili.) Nimeanza saa kumi na moja na nusu alfajiri. `df` ilionyesha nafasi ya kutosha. `dpkg` imechukua dakika kama ishirini, nikakaa nayo sikuondoka hata kunywa chai. Imeanzishwa upya, `uname -r` ni 6.6.20+rpt-rpi-v8, Wi-Fi imetoka, `get_throttled` inasema 0x0. Watoto wamo ndani sasa hivi, nawasikia wanagombania tableti.

Kidude cha fundi wa Chake kinarudi leo na gari ya saa nane. Na ile diski ya Unguja nimeiagiza tena, safari hii nanakili kadi nzima.

pweza_chako
Kwa hiyo hukuflashi?

maalim_konde
Sikuflashi.